SOMO LA MWEZI: KOBE WA VIJITO NA WAGENI WALIOLETWA

Somo hili laweza kusomwa na mtu peke yake nyumbani, au na kikundi cha vijana, au na akina mama katika mkutano wao. Lahusu mnyama mdogo wa nchi ya mbali, yaani kobe wa maji wa upande wa magharibi wa Marekani. Huenda mtu akauliza, "Kobe wa Marekani watuhusu nini sisi?" Jibu ni kwamba jambo lililompata kobe huyo limetokea pia katika maziwa yetu wenyewe. Tena kwake limechunguzwa kwa makini, hata twaweza kuona hatua kwa hatua jinsi lilivyoanza, jinsi lilivyojificha, na jinsi watu wanavyojitahidi kulitengeneza.

1. Kobe mwenyewe

Kwanza tumfahamu. Wengi wetu twamjua kobe wa nchi kavu, na watu wa pwani wamjua kasa wa baharini. Kobe wa somo letu ni wa namna ya tatu. Yeye huishi katika maji baridi: vijito, mabwawa, na mito iendayo polepole. Gamba lake lina rangi ya tope, na urefu wake akiwa amekomaa ni kama sentimita 20 tu au pungufu. Nchi yake yaanzia jimbo la Washington upande wa kaskazini, yapita Oregon na California, na kufika mpaka Baja California katika nchi ya Mexico. Siku hizi wataalamu humgawa katika aina mbili, ya kaskazini na ya kusini, lakini maisha yao yafanana.

Yatupasa kushika mambo matatu juu ya maisha yake, maana bila hayo hatutaelewa hatari iliyompata.

Jambo la kwanza ni jua. Mwili wa kobe haujitengenezei joto la kutosha kama mwili wa mtu. Kwa hiyo hupanda juu ya gogo au jiwe lililo kando ya maji, akatulia hapo kuota jua. Mtu akimwona aweza kudhani ni mvivu, kumbe yuko kazini. Joto lile ndilo limsaidialo kusaga chakula tumboni, kukua, na kutengeneza mayai. Gogo la kuotea jua kwake ni kama jiko kwa nyumba yetu.

Jambo la pili ni uzazi. Kobe jike hutoka majini, akaenda nchi kavu mahali penye jua na udongo mgumu kidogo, akachimba shimo na kutaga mayai machache, mara nyingi yasiyofika kumi. Hayalindi; hufukia shimo akarudi majini. Katika sehemu za kaskazini, watoto wakisha kuanguliwa hukaa shimoni majira yote ya baridi, ndipo hutoka mwaka unaofuata. Mtoto atokapo ana ukubwa wa sarafu tu, na uzito wake ni kama gramu 5.

Jambo la tatu ni umri. Kobe huyu hukua polepole. Huko kaskazini huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Lakini akisha kukomaa, gamba lake humlinda na maadui wengi, naye aweza kuishi miaka 40 na kuzidi. Hivyo ndivyo ukoo wake ulivyodumu: mayai machache kila mara, watoto wengi hufa, lakini mzazi huishi muda mrefu na kujaribu tena na tena, mpaka wachache wapate kukua na kushika nafasi yake.

2. Wageni wawili

Sasa tuwaangalie wageni. Si kila mgeni huleta hasara. Mahindi na mihogo ilitoka Amerika, nayo imelisha vizazi vingi katika Afrika ya Mashariki. Tunaozungumza habari zao hapa ni wageni wasio na wa kuwazuia, ambao wakiingia mahali huongezeka na kuwaondoa wenyeji.

Mgeni wa kwanza ni chura mkubwa, ambaye Wamarekani wamemwita kwa jina la fahali kwa sababu ya sauti yake nzito. Tumwite chura-fahali. Kwao ni upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini. Aweza kufikia uzito wa nusu kilo, na jike mmoja aweza kutaga mayai 20,000 kwa mara moja. Alipelekwa California mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya biashara ya chakula. Watu wa San Francisco walipenda kula miguu ya vyura, na vyura wa kienyeji walikuwa wamevuliwa mno hata wakapungua. Badala ya kuwaacha wenyeji wapate nafuu, wafanya biashara walileta wa kutoka mbali. Wakatoroka, wengine wakatiwa mabwawani kwa makusudi, na leo wameenea karibu upande wote wa magharibi. Chura-fahali hula kitu chochote kiingiacho kinywani mwake: wadudu, samaki, vyura wenzake, hata vifaranga vya ndege. Na mtoto wa kobe mwenye ukubwa wa sarafu aingia kinywani bila taabu.

Mgeni wa pili ni kobe mwenzake. Huyu ana mstari mwekundu nyuma ya kila jicho, ndiyo maana huitwa kobe wa masikio mekundu, ingawa masikio yenyewe hayaonekani. Asili yake ni bonde la mto Mississippi na nchi zilizo karibu na Ghuba ya Mexico. Alitembea dunia kwa njia ya maduka. Watoto wake ni wa kijani kizuri, nao waliuzwa kwa bei rahisi kuwa kitu cha kuchezea watoto. Mwaka wa 1975 serikali ya Marekani ilikataza kuuzwa kwa kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto waliwatia kinywani wakapata ugonjwa wa tumbo uletwao na vijidudu vya salmonela. Lakini biashara ya kuwapeleka nchi za nje iliendelea. Kati ya mwaka wa 1989 na 1997 zaidi ya kobe milioni 50 walipelekwa nje kutoka Marekani.

Fikiri basi juu ya yule aliyemnunua. Kobe wa sentimita 4 hukua, na jike aweza kufika sentimita 28. Bakuli halimtoshi tena. Maji yake yanuka. Tena aweza kuishi miaka 30. Mwenye nyumba hapendi kumwua, wala hakuna amtakaye. Ndipo humpeleka kijitoni na kumwachilia, akirudi nyumbani na moyo mweupe, akiamini ametenda mema. Vijito vingi vya California, na vya nchi nyingine nyingi, vilipata kobe hao kwa njia hiyo: kwa huruma isiyoambatana na maarifa.

3. Hasara isiyoonekana upesi

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Mtu akiharibu shamba, jirani huona kesho yake. Lakini mgeni anayekula watoto wa kobe hafanyi kelele. Kobe wakubwa wangali juu ya magogo yao. Mpita njia huwahesabu: watano, kumi, kumi na wawili. Mwaka ujao ni wale wale. Baada ya miaka 10 wangali wapo. Kila mtu asema, "Kijito hiki kina kobe wengi, hakuna shida." Kumbe ni kijito cha wazee. Mayai hutagwa kila mwaka, watoto huanguliwa, nao humezwa kila mwaka kabla hawajakua. Siku wale wazee watakapoanza kufa, mmoja baada ya mwingine, hapatakuwa na wa kushika nafasi zao, na wakati huo itakuwa vigumu sana kuokoa.

Kwa hiyo anayechunguza hali ya kobe haulizi tu, "Wako wangapi?" Huuliza pia, "Watoto wako wapi?" Ni swali lifaalo hata katika mambo mengine. Wingi wa wakubwa waonekanao leo si ushahidi kwamba kesho iko salama.

4. Majaribio matatu

Je, twajuaje kwamba wageni hawa ndio wenye kusababisha hasara? Yafaa kuuliza, maana si haki kumhukumu mtu, wala mnyama, bila ushahidi. Tutaje majaribio matatu.

La kwanza lilifanyika Ufaransa, ambako kuna kobe wa mabwawa wa Ulaya, mwenyeji wa huko. Watafiti waliwaweka kobe hao pamoja na kobe wa masikio mekundu katika mabwawa ya majaribio. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka wa 2003 na 2004, yalionyesha kwamba wageni walitwaa mahali pazuri pa kuotea jua, na wenyeji wakasukumwa kwenye mahali pabaya. Wenyeji waliochanganywa na wageni walipungua uzito, na waliokufa walikuwa wengi kuliko wale waliokaa peke yao. Kumbuka tulivyosema juu ya jiko. Si lazima umpige jirani ili umwue. Yatosha kumzuia asipike.

La pili lilifanyika katika mji wa Davis, California. Katika bustani ya miti ya Chuo Kikuu mna maji yaliyo katika mkondo wa zamani wa kijito cha Putah, nayo yalikuwa yamejaa kobe walioachiliwa na watu. Mwaka wa 2011 watafiti waliwaondoa kobe wa masikio mekundu 177. Kisha wakawapima wenyeji waliobaki. Wakaona kwamba wenyeji wameongezeka uzito. Chakula na jua vilivyokuwa vikichukuliwa na wageni vilirudi kwa wenyewe.

La tatu ni la Hifadhi ya Taifa ya Yosemite. Kati ya mwaka wa 2016 na 2022 watafiti walilinganisha mahali penye chura-fahali na mahali pasipo naye. Katika matumbo ya vyura wengine walikuta watoto wa kobe. Palipokuwa na vyura wengi, kobe walioonekana walikuwa wakubwa tu. Lakini vyura walipoondolewa kwa maelfu mpaka wakawa karibu kwisha, kobe wadogo walianza kuonekana tena. Waona basi kwamba wazee walikuwa wakizaa siku zote. Kilichokosekana ni nafasi ya mtoto kukua.

5. Kazi ya mikono

Maarifa bila kazi hayaokoi kitu. Tuone watu wamefanya nini.

Katika jimbo la Washington hali ilikuwa mbaya kabisa. Kufikia mwaka wa 1990 kobe hawa walikuwa wamebaki kama 150 tu katika jimbo zima. Mwaka wa 1991 idara ya wanyama ya jimbo ilishirikiana na bustani ya wanyama ya Woodland Park iliyoko Seattle. Walitafuta kobe majike waliokuwa karibu kutaga, wakafunika mashimo yao kwa wavu wa chuma ili wanyama wala mayai wasiyafukue, kisha wakachukua watoto na kuwalea bustanini. Kwa kuwa ndani mna joto na chakula siku zote, mtoto hakulala majira ya baridi, bali alikula na kukua. Baada ya miezi kama 10 alikuwa na ukubwa wa kobe wa porini wa miaka mitatu. Ndipo akarudishwa kwenye bwawa, akiwa mkubwa kiasi cha kutoingia kinywani mwa chura. Tangu wakati huo zaidi ya kobe 2,000 wamerudishwa, nao huishi katika mahali sita.

Hata hivyo, wenye kazi hiyo wenyewe husema kwamba kulea watoto ni dawa ya kupunguza maumivu tu. Maadamu vyura wangalipo, watoto watalelewa kwa mikono milele. Yapasa kushughulikia mabwawa yenyewe, na njia zake ni hizi:

(a) Kukausha bwawa kwa muda, mahali iwezekanapo. Kiluwiluwi cha chura-fahali katika nchi za baridi huchukua mwaka mmoja hata miwili kabla ya kuwa chura. Vyura wengi wa kienyeji humaliza hatua hiyo katika majira mamoja. Basi bwawa likikaushwa mwishoni mwa kiangazi, wenyeji wamekwisha kutoka, na wageni hunaswa.

(b) Kuokota mayai ya chura-fahali yanayoelea juu ya maji kama utandu mpana, na kuwakamata vyura wenyewe usiku kwa taa.

(c) Kuwatega kobe wageni kwa mitego ieleayo, ambayo kobe huipanda ili aote jua, kisha akashuka upande wa ndani.

(d) Kuongeza magogo na mawe ya kuotea jua, na kuacha nyasi fupi na udongo wazi karibu na maji kwa ajili ya mashimo ya mayai.

Kazi hii yataka ujuzi na ruhusa. Mtu asiyejua kutofautisha aweza kumwondoa mwenyeji akimdhania mgeni. Ndiyo sababu mwananchi huombwa atoe habari kwa wasimamizi, asijichukulie sheria mkononi.

Serikali nazo zina sehemu yao. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kuingizwa kwa kobe wa masikio mekundu mwaka wa 1997. Mara wafanya biashara wakaleta ndugu zake wa aina nyingine. Mwaka wa 2016 ukoo wake wote ukatiwa katika orodha ya wanyama wasioruhusiwa kufugwa kiholela wala kuuzwa huko. Katika Marekani, mwaka wa 2023 idara ya serikali kuu ilipendekeza kobe wenyeji wa magharibi, wa aina zote mbili, walindwe kwa sheria kama wanyama walio hatarini.

6. Lawama ni ya nani?

Tusiwe na haraka ya kumchukia chura. Hakusafiri kwa miguu yake kutoka mashariki ya Amerika mpaka California. Hakujua ya kuwa yuko ugenini. Alipata maji na chakula, akaishi kama alivyoumbwa kuishi.

Tena wageni si sababu ya pekee. Katika karne ya 19 kobe wenyeji walivuliwa kwa wingi na kuuzwa katika masoko ya San Francisco kwa ajili ya supu. Mabwawa na maeneo ya maji ya bonde kuu la California yalikaushwa kwa sehemu kubwa sana ili yalimwe. Barabara zilikata njia kati ya maji na mahali pa kutagia, na majike wengi wakakanyagwa na magari. Mgeni alimkuta mwenyeji amekwisha kudhoofishwa. Kwa hiyo anayeondoa vyura na kuacha maji yakaushwe amefanya nusu ya kazi tu.

Katika hayo yote mkono wa mwanadamu ndio ulioanza, nao ndio wenye wajibu wa kutengeneza. Na hapa pana jambo gumu ambalo yafaa lizungumzwe kwa uwazi: ili kuokoa mnyama mmoja, hapana budi wengine waondolewe, na mara nyingi maana yake ni kuuawa. Kazi ya namna hiyo haifai kufanywa kwa furaha wala kwa mchezo. Yafaa ifanywe haraka na bila kutesa, na kila mara ikumbushe jinsi ambavyo ingekuwa rahisi zaidi kutowaleta wageni hao tangu mwanzo.

7. Kwetu je?

Kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni kusini ya Marekani, karibu na kwao kobe wa masikio mekundu, walitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1970 ili wavuvi wapate faida. Wakaongezeka, wakala majani yaotayo chini ya maji. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 alienea sana, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wasiopatikana mahali pengine duniani, zikatoweka. Kweli sangara ameleta fedha na kazi kwa watu wengi, wala hatuwezi kulikana jambo hilo. Lakini furu waliotoweka hawanunuliki tena. Nayo magugu maji, yenye ua zuri la zambarau, yalitoka Amerika ya Kusini. Watu waliyapenda kwa uzuri wake na kuyapeleka nchi nyingi, na leo wavuvi wa ziwani wajua taabu yake.

Sisi nasi tunao kobe wa maji. Wamo katika mabwawa na madimbwi yetu, na kiangazi kikikausha maji, wengine hujizika ndani ya tope wakingoja mvua. Wengi hatuwatazami mara ya pili. Basi tushike haya: tusimwachilie mtoni samaki, kobe wala mmea uliotoka dukani au nchi nyingine, tusihamishe samaki hai kutoka ziwa hili kwenda bwawa lile bila kuuliza bwana samaki, tusafishe ngalawa na nyavu kabla ya kuzitia katika maji mengine, na watoto wetu wajifunze majina ya wanyama wa kijito cha karibu. Mtoto anayejua mwenyeji ni nani atakuwa wa kwanza kumtambua mgeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini gogo la kuotea jua ni jambo kubwa katika maisha ya kobe?

2. Eleza maana ya maneno "kijito cha wazee". Je, kuna mto, msitu au kazi katika kijiji chenu yenye hali kama hiyo?

3. Mtu aliyemwachilia kobe mtoni alidhani anafanya wema. Angefanya nini badala yake?

4. Sangara ameleta faida na hasara. Ni nani aliyepata faida, na ni nani aliyepata hasara?

5. Waulizeni wazee: ni samaki, vyura au mimea gani iliyokuwako katika maji ya kwenu walipokuwa watoto, na leo haiko? Andikeni majina hayo, kila jina kwa lugha ya kwenu, myahifadhi.